Ng'ombe, Moto na Jicho la Hasidi: Uganga wa Mifugo katika Uskoti ya Kale

Anayetaka kuufahamu uganga wa mifugo ulioenea Uskoti tangu zama za kati hata karne ya 19 hana budi kuanza, si kwa wachawi wala kwa makasisi waliowahukumu, bali kwa ng'ombe mwenyewe, yule ng'ombe mdogo mweusi wa Nyanda za Juu na visiwa vya magharibi, ambaye kwa mkulima wa huko alikuwa ndiye chakula, ndiye kodi ya shamba, na ndiye mali ya kumwozea binti. Ardhi ile ni ya majabali na matope, jua lake ni haba, na nafaka zilizostahimili baridi yake, yaani oti na shayiri, aghalabu hazikutosha kuifikisha nyumba kwenye mavuno mengine. Kwa hiyo watu waliishi kwa maziwa, siagi na jibini, na fedha za kumlipa kabaila mwenye ardhi hazikupatikana ila kwa kuwauza ng'ombe kwa wachuuzi waliowaswaga kwa miguu, mwendo wa siku nyingi, hadi kwenye minada ya Crieff na, baadaye, Falkirk.

Majira ya baridi ndiyo yaliyokuwa mtihani wao. Majani makavu yaliyowekwa akiba yalikuwa machache, na ng'ombe, ambao katika nyumba nyingi walilala chini ya paa moja na watu, walikonda hata majira ya kuchipua yalipowadia wengine hawakuweza kusimama, ikawa ni desturi majirani kukusanyika wakawainua mmoja mmoja kwa mikono na kuwatoa nje kwenye majani mapya. Njaa ilipozidi, ng'ombe alitobolewa mshipa, damu yake ikachanganywa na unga wa oti ikapikwa. Mtu aliyeishi hivyo, akaamka asubuhi moja akamkuta ng'ombe aliyekuwa mzima jana amelala tumbo limemfura, au akasukasuka maziwa tangu alfajiri mpaka adhuhuri siagi isitoke, hakuwa na tabibu wa kumwita wala kitabu cha kusoma. Alikuwa na maarifa aliyorithishwa na bibi yake, na maarifa hayo yalimtaka kwanza aulize: ni nani aliyepita hapa jana?

Kwa hakika uganga ule wote, tukiutazama kwa makini, ulihusu majirani kuliko ulivyohusu majini na mashetani. Jicho la hasidi, ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa, liliaminiwa kote katika nchi zile za Wagaeli, na R. C. Maclagan, tabibu wa Edinburgh, alikusanya habari zake nyingi hata zikatosha kitabu kizima alichokitoa mwaka 1902, wakati ambapo treni zilikuwa zimekwisha kupenya mabonde ya kaskazini. Mgeni aliyemsifu ndama kwa unono wake pasipo kumwombea baraka alitiliwa shaka papo hapo. Na ng'ombe akipungukiwa na maziwa jioni ile, au akikataa kumkaribisha ndama wake, basi sifa ile ilihesabiwa kuwa ndiyo sababu. Lenye kustahili kuzingatiwa ni kwamba mwenye jicho hakuwa lazima awe mtu mwovu. Husuda ilidhaniwa kumtoka mtu bila ya kukusudia, na husimuliwa habari za watu walioliogopa jicho lao wenyewe, wakajizuia kuwatazama sana wanyama, hata walio mali yao.

Dawa yake ilikuwa ni maji ya fedha. Mwenye kuyateka alikwenda kwenye kijito ambacho juu yake hupita walio hai na waliokufa, maana yake penye daraja au kivuko kinachopitwa na watu waendao shughuli zao na kwa jeneza liendalo makaburini. Alikwenda kimya, akarudi kimya, hata akiamkiwa njiani asiitikie, wala chombo hakikuwekwa chini. Nyumbani, sarafu ya fedha ilitumbukizwa ndani yake, maneno ya dua yakasomwa kwa jina la Utatu Mtakatifu, ng'ombe akanyweshwa sehemu ya maji yale na sehemu akanyunyiziwa mgongoni na masikioni. Yaliyosalia yalimwagwa, na sarafu ikigandamana na chini ya chombo, hapo palikuwa hapana shaka tena kwamba ugonjwa umetoka katika jicho la mtu. Wengine walisokota nyuzi tatu za rangi mbalimbali na kuzifunga mkiani mwa ng'ombe, huku mzinguaji akizisemea dua yenye majina ya Mariamu, ya Mtakatifu Bride, na ya Columba, yule mtawa wa karne ya 6 aliyetoka Ireland na kuweka makao yake katika kisiwa cha Iona. Wakatoliki walifanya hivyo, na Waprotestanti walifanya hivyo, ingawa Kanisa lao lilikuwa limekwisha kuwakataza kuwaomba watakatifu kwa zaidi ya miaka 300.

Ama maziwa yenyewe yaliweza kuibwa pasipo mwizi kugusa chuchu ya ng'ombe. Bibi mmoja wa Auldearn, karibu na Nairn, Isobel Gowdie, alitoa ikirari zake nne mbele ya wazee wa kanisa mwaka 1662, na katika hizo alieleza jinsi yeye na wenzake walivyosokota kamba kwa kuigeuza upande usio wake, kwa jina la Shetani, wakaipitisha baina ya miguu ya nyuma ya ng'ombe na kuitoa baina ya miguu yake ya mbele, na kwa tendo hilo baraka ya maziwa ikahama, ikawafuata wao. Hatuwezi kuyapokea maneno yaliyosemwa na mfungwa mbele ya mahakimu wake kana kwamba ni habari ya mambo yaliyotendeka. Hata hivyo, kamba ile haikuwa ya kubuniwa na mahakimu, kwani imani yake ilikuwako katika kila kijiji: alfajiri ya Mei Mosi, ilisemwa, wanawake wenye ujuzi huburura kamba ya manyoya juu ya majani yenye umande wa malisho ya wenziwao, na kwa kadiri ya umande unaokusanyika ndivyo maziwa ya mwaka mzima yanavyohamia kwao. Wengine walisemwa kujigeuza sungura ili kuwanyonya ng'ombe usiku, na sungura wa namna hiyo, kwa itikadi yao, hakuuawa kwa risasi ila iwe ya fedha.

Ndiyo sababu usiku wa kuamkia Mei Mosi ulikuwa usiku wa kuweka kago. Mti uliotegemewa kuliko yote ni ule uitwao rowan, mti mdogo wa milimani wenye matunda mekundu yenye kushikana kwa vichala. Vijiti vyake viwili vilifungwa kwa uzi mwekundu vikafanywa msalaba, msalaba ukachomekwa juu ya mlango wa zizi, au kitawi kikafichwa katika mkia wa ng'ombe ili kisionekane na mpita njia. Kisu hakikutumiwa katika kuufanya msalaba huo, kwa kauli ya wengi, bali vijiti vilivunjwa kwa mkono. Na mwanzo wa mwaka mpya mreteni ulichomwa ndani ya nyumba na ndani ya zizi, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, hata watu na wanyama wakakohoa kwa moshi, kisha kukafunguliwa hewa ikaingia.

Sikukuu yenyewe ya Mei Mosi, Bealltainn kwa lugha yao, ilielezwa vizuri na msafiri Thomas Pennant aliyepita huko mwaka 1769. Wachungaji wa kila kijiji, asema, walichimba handaki la mraba na kuacha pande la majani katikati, wakawasha moto juu yake, wakapika uji mzito wa mayai, siagi, unga wa oti na maziwa, na kabla ya yeyote kuonja, sehemu ya uji ilimwagwa chini kuwa sadaka. Kisha kila mmoja alishika mkate wa oti wenye vinundu tisa, akaugeukia moto, akawa akimega kinundu kimoja kimoja na kukirusha nyuma ya bega lake: hiki kwa mlinzi wa farasi, ili awahifadhi farasi wangu, hiki kwa mlinzi wa kondoo, na baada ya walinzi kwisha kupewa haki zao, vinundu vilivyobaki walipewa maadui wenyewe, mbweha ili awaache wana-kondoo, na kunguru, na tai. Katika habari zote za namna hii nilizozisoma, hiyo ya kumpa mbweha mkate ndiyo iliyonikaa moyoni zaidi, kwa kuwa imesemwa kwa adabu ya watu waliojua kwamba hawana nguvu ya kumshinda, wakaona heri wamtendee kama mgeni mwenye njaa.

Kadhalika palikuwa na viumbe wa ghaibu waliodhaniwa kuchunga ng'ombe, na haki yao ilikuwa ni maziwa. Mwandishi Mwingereza Samuel Johnson, aliyezuru visiwa hivyo mwaka 1773, aliandika kwamba katika kisiwa cha Troda, kaskazini ya Skye, watu walimwekea mmoja wa viumbe hao maziwa kila Jumamosi, na kwamba kasisi aliyeikomesha desturi hiyo alikuwa angali hai. Katika sehemu nyingine za Skye na visiwa jirani maziwa yalimiminwa katika shimo la jiwe lililowekwa kwa kazi hiyo. Na ng'ombe aliyeanguka malishoni ghafla, hana jeraha wala dalili ya maradhi, alisemekana kupigwa mshale na majini wa vilimani. Mishale yenyewe ilionekana kwa macho, kwani plau mara kwa mara ilifukua vichwa vidogo vya gumegume vilivyochongwa kwa ustadi, ambavyo sisi leo tunajua kuwa ni kazi ya wawindaji na wakulima wa zama za mawe. Isobel Gowdie alidai kumwona Shetani akivichonga kwa mkono wake, na vijana wa majini wakivimalizia kwa kitu chenye ncha mfano wa sindano ya kushonea magunia. Mganga alimpapasa ng'ombe mwili mzima akitafuta mahali palipobonyea chini ya ngozi, kisha akamnywesha maji yaliyotumbukizwa kijiwe kilekile kilichodhaniwa kuua.

Hayo yote yalikuwa ya nyumba moja na ng'ombe mmoja. Lakini yalipoingia maradhi ya kuambukiza, yakaruka kutoka zizi hadi zizi, hapo tiba ya nyumba moja haikufaa kitu, na jamii nzima iliukimbilia moto wa dharura, yaani moto mpya unaotolewa kwa kupekechana mti na mti, baada ya mioto yote ya zamani kuzimwa. Desturi hii ni ya kale mno. Mtawa aliyeandika tarehe ya Lanercost, upande wa Uingereza wa mpaka, alilalamika kwamba mwaka 1268, ng'ombe wa Lothian walipokufa kwa ugonjwa wa mapafu, palikuwa na watu waliovaa mavazi ya utawa pasipo kuwa na moyo wa utawa, ambao waliwafundisha wajinga kutoa moto kwa kusugua miti na kusimamisha sanamu ya uchi ili mifugo wapone. Karne nne na zaidi baadaye Martin Martin, mzaliwa wa Skye, akaandika katika kitabu chake cha mwaka 1703 kwamba kazi ile ilihitaji wanaume 81 wenye wake, mbao mbili kubwa, na watu tisa tisa wakizipokezana kusugua hata moto uwake. Juu yake paliwekwa chungu cha maji, na maji hayo yakanyunyiziwa wagonjwa, watu na wanyama.

Habari iliyo kamili kuliko zote ni ya kisiwa cha Mull, mwaka 1767. Ng'ombe walikuwa wakifa, na wenyeji, ingawa walikiri wenyewe kwamba jambo hilo ni dhambi, waliafikiana kulifanya. Walipandisha juu ya kilima kiitwacho Carnmoor gurudumu na vijiti tisa vya mwaloni, na katika kila nyumba iliyoonekana kutoka kilimani pale wakazima moto, pasibaki hata kaa. Gurudumu lilizungushwa juu ya vijiti, kutoka mashariki kwenda magharibi, na sharti lilikuwa kwamba moto usipotoka kabla ya adhuhuri, kazi ya siku ile imebatilika. Siku ya kwanza haukutoka, na siku zilizofuata haukutoka. Ndipo wakatambua kwamba kuna mwenye nyumba mmoja aliyekataa kuuzima moto wake kwa kazi aliyoiona kuwa ni haramu; wakawahonga watumishi wake, watumishi wakauzima, na asubuhi ile moto ukawaka. Walimtoa mtamba kuwa kafara, wakamkata sehemu yenye ugonjwa na kuiteketeza naye angali hai, wakawasha majiko yao kwa moto mpya, na nyama iliyosalia wakaila kwa karamu. Maneno ya uganga yalisomwa na mzee mmoja aliyeletwa kutoka Morvern, ng'ambo ya mlangobahari, naye hakunyamaza muda wote gurudumu lilipokuwa likizunguka. Baadaye mzee huyo alionekana akiombaomba, na alipotakiwa ayarudie maneno yale alikataa, akasema kuwa dhambi ya kuyatamka mara moja ndiyo iliyomfikisha katika ufukara, na nchi nzima ilimhesabu kuwa amelaaniwa.

Masharti ya moto ule hayakuwa ya upuuzi. Nyumba moja yenye moto wa zamani iliweza kuiharibu kazi ya kisiwa kizima: hiyo ndiyo fikra iliyokuwa nyuma ya gurudumu, nayo ilikuwa na ukweli ndani yake, kwani maradhi ya kuambukiza hayakingiki kwa juhudi ya mmoja mmoja. Walichokikosea ni njia ya ugonjwa, ilhali desturi ya ng'ombe na kondoo, taifa la Muumba lisilo na ulimi wa kujitetea, kuchomwa moto wakiwa hai haiwezi kusamehewa kwa udhuru wa ujinga peke yake, maana wale wa Mull walijua na kusema kuwa ni dhambi.

Kanisa halikukaa kimya. Baraza la wachungaji wa Dingwall, lilipokutana Applecross mwaka 1656, lilisikia kwamba watu wa pande za ziwa la Loch Maree huchinja mafahali kila tarehe 25 Agosti kwa heshima ya Mourie, na kwamba humimina maziwa juu ya vilima kuwa sadaka. Huyo Mourie si mwingine ila Maelrubha, mtakatifu wa Kikristo aliyeanzisha nyumba ya utawa Applecross mwaka 673, ambaye baada ya karne kupita alikuwa amegeuka, katika fikra za wakulima, kuwa kitu baina ya walii na mungu wa zamani. Makatazo yakatolewa, na mwaka 1678 baraza lilelile likawaita tena watu wa ukoo wa Mackenzie kwa kumtoa fahali katika kisiwa cha ziwa hilo ili mgonjwa wao apone. Miaka 22 ya kukatazwa haikuwazuia.

Lakini mizani ya Kanisa na ya serikali haikuwa sawa kwa watu wote, na hili ndilo lenye kuniuma kila nirudiapo kuzisoma habari hizi. Sheria ya mwaka 1563 iliufanya uchawi kuwa kosa la kifo katika Uskoti, ikadumu mpaka ilipofutwa mwaka 1736, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh waliozichambua kumbukumbu za mashtaka wamewahesabu watuhumiwa zaidi ya 3,800, wengi wao, zaidi ya wanne katika kila watano, wakiwa wanawake. Tuwatazame wawili tu waliofikishwa mbele ya wakubwa kwa ajili ya kuponya, mmoja mwanamke maskini, mwingine kabaila.

Bessie Dunlop wa Lynn, karibu na Dalry katika Ayrshire, alihukumiwa Novemba 1576. Katika maelezo yake alisema kwamba siku moja alikuwa akiwaswaga ng'ombe kwenda malishoni, ametoka kujifungua si muda mrefu, naye analia kwa sauti, kwa kuwa ng'ombe wake amekufa, na mumewe na mtoto wamelala nyumbani wagonjwa. Akakutana na mzee mwenye ndevu za mvi, amevaa koti la kijivu na kofia nyeusi, na mkononi ana fimbo nyeupe. Mzee akamwamkia kwa heshima, akamwuliza kwa nini analia hivyo kwa ajili ya kitu cha duniani. Bessie akamjibu: tusilie, nasi mali yetu yapotea, mume wangu yu katika hatari, na mtoto wangu hatapona? Mzee huyo alijitambulisha kuwa ni Thom Reid, aliyeuawa katika vita vya Pinkie mwaka 1547. Tangu hapo, asema Bessie, kila alipoombwa dawa na watu, ya mtu au ya mnyama, alimwendea Thom akamwuliza, akapewa majani na maelekezo. Na ujira wake ulikuwa ni kibaba cha unga na jibini. Hakuna aliyemshtaki kuwa ameua. Alihukumiwa, akachomwa moto.

Sasa tumtazame Sir James Lockhart wa Lee, katika Lanarkshire, karne iliyofuata. Ukoo wake ulikuwa na jiwe dogo jekundu-jeusi, lenye umbo la moyo, lililopachikwa katika sarafu ya fedha yenye mnyororo, na mapokeo yalisema kwamba lililetwa na babu yao Sir Simon, mmoja wa wale waliosafiri na moyo wa mfalme Robert the Bruce, aliyefariki mwaka 1329, wakiupeleka kwenye nchi takatifu, wakaishia kupigana na Waislamu wa Granada huko Teba, Hispania, mwaka 1330. Simon, yasimuliwa, alimteka amiri mmoja wa Kiislamu. Mama yake amiri alipokuja kumkomboa, jiwe lilianguka kutoka mkobani mwake, naye akaharakisha kuliokota kuliko alivyojali dhahabu, Simon akatambua thamani yake akalidai liwe sehemu ya fidia. Sarafu ile ni ya Edward wa Nne, aliyetawala zaidi ya miaka 100 baada ya vita hivyo, kwa hiyo walau pambo lake si la zamani kama kisa chake. Hata hivyo watu walitoka mbali kuyataka maji yaliyotumbukizwa jiwe hilo, wakayachukua katika vyombo kuwanywesha ng'ombe zao, kama kombe lichukuliwavyo kwa mgonjwa, na Sir Walter Scott alipotafuta mada ya riwaya yake ya The Talisman ya mwaka 1825, aliikuta katika kisa cha jiwe hilo.

Kabaila mwenzake akamshtaki Sir James mbele ya mkutano wa Kanisa huko Glasgow, kwa kutumia jiwe lile katika ushirikina wa kuponya ng'ombe. Wachungaji walichunguza, wakaona kuwa jiwe hutumbukizwa majini tu pasipo maneno yoyote ya kichawi, wakaamua kwamba Mungu ameweka katika mawe na mimea nguvu nyingi za kuponya ambazo akili ya binadamu haiwezi kuzieleza, wakamnasihi Sir James alitumie pasipo kuzusha fitina kubwa. Akaenda zake na jiwe lake, na ukoo wake umelihifadhi. Majani ya Bessie yalitoka ardhini kama jiwe la Lee lilivyotoka ardhini. Lakini yeye hakuwa na ngome, hakuwa na sarafu ya fedha, na alipoulizwa ameipata wapi elimu yake, alijibu ukweli kama alivyouona.

Imani hizo hazikufa kwa hukumu za makasisi wala kwa kufutwa kwa sheria ya uchawi. Mwaka 1823 William Dick, mwana wa fundi wa kwato za farasi, alianza kufundisha utabibu wa mifugo mjini Edinburgh. Na bado, katika mashamba ya kaskazini mashariki, vijana wakulima waliingizwa usiku katika chama cha siri cha watunza farasi, wakapewa neno la kuwatiisha farasi baada ya kuushika mguu wa Shetani gizani, ingawa wajuzi walieleza baadaye kwamba sehemu kubwa ya nguvu ile ilikuwa ni harufu, zile zimvutazo farasi na zile zimfanyazo agome asisogee. Sir James Young Simpson, tabibu aliyekuwa wa kwanza kuwatuliza wanawake kwa klorofomu katika uzazi mwaka 1847, alieleza kuwa mtu wa ukoo wake mwenyewe, katika shamba lisilozidi maili 20 kutoka Edinburgh, alimzika ng'ombe akiwa hai ili maradhi yawapishe waliobaki.

Kiangazi cha mwaka 1865 ukaingia Uingereza, kwa ng'ombe walioletwa kwa meli kutoka Baltiki, ugonjwa wa sotoka, ule ule ambao katika miaka ya 1890 ulikuja kuwamaliza ng'ombe wa Afrika Mashariki na kuwaacha Wamasai katika njaa kuu, na ambao dunia haikutangaziwa kuwa umetoweka mpaka mwaka 2011. John Gamgee, mwalimu wa utabibu wa mifugo mjini Edinburgh, alikuwa ameonya mapema kwamba utafika na kwamba dawa yake ni kuchinja bila kusita, asisikilizwe na serikali. Wakulima wa Aberdeenshire, wakiongozwa na William McCombie wa Tillyfour, mfugaji mashuhuri wa ng'ombe weusi wasio na pembe, hawakungoja serikali. Walifanya umoja wao, wakajitoza mchango kwa hiari, na kila penye dalili za sotoka umoja ulikwenda ukawachinja wagonjwa na waliogusana nao, ukawazika, na mwenye kundi akafidiwa kwa fedha za wenziwe, ili asiwe na sababu ya kumficha ng'ombe mgonjwa. Bunge lilipotunga sheria ya kulazimisha uchinjaji huo, Februari 1866, watu wa Aberdeenshire walikuwa wamekwisha kuitekeleza miezi kadhaa kabla.